Tovuti Kuwa Nzito Si Lazima Seva Iwe Ndogo

Wenye tovuti wengi huamini kwamba kurasa zikianza kufunguka polepole, dawa ni kulipia seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutuma tovuti, iliyo kubwa zaidi. Imani hiyo huwapotezea fedha bure, kwa kuwa seva hupokea ombi la kivinjari, huendesha programu, huuliza hifadhidata (ghala la taarifa za tovuti) na kutuma jibu, lakini kazi inayobaki hufanyika njiani na katika kifaa cha msomaji.

Kipimo cha kwanza, basi, ni muda unaopita kabla baiti (kipande kidogo cha data) ya kwanza ya jibu haijafika, ambao huonekana katika zana za wasanidi zilizomo ndani ya vivinjari vya kompyuta. Ikiwa baiti hiyo hufika ndani ya milisekunde 200, ilhali ukurasa huchukua sekunde 8 kukamilika, seva haina kosa; mara nyingi utakuta picha ya megabaiti 5 iliyopakiwa kama ilivyotoka kwenye kamera, na kuongeza kumbukumbu ya seva hakutaipunguza uzito hata chembe.

Hata baiti ya kwanza ikichelewa, angalia kwanza kama kache, yaani nakala za kurasa zilizotayarishwa tayari, imewashwa na kama majedwali ya hifadhidata yana faharasa ya kuharakisha utafutaji, maana swali moja kwa hifadhidata lililoandikwa vibaya huweza kukielemea kichakataji chenye nguvu. Kuhama kutoka seva ya kushirikiana, inayotumiwa na tovuti nyingi kwa pamoja, kwenda seva pepe, yaani sehemu ya seva uliyotengewa peke yako, kunastahili pale takwimu zinapoonyesha kuwa kichakataji au kumbukumbu hujaa kila wageni wanapoongezeka, au kosa namba 503 (ujumbe kwamba huduma haipatikani kwa sasa) linapojirudia licha ya marekebisho hayo yote.