Kranogi: kisiwa kilichojengwa na watu

Kranogi ni kisiwa kidogo ambacho watu wa kale walikitengeneza wenyewe ziwani au kwenye kinamasi, wakajenga makazi juu yake. Nyingi ziko Ireland na Scotland. Wales inayo moja tu, katika ziwa la Llangorse.

Palipokuwa na misitu, wajenzi walichonga ncha za magogo, wakayakita kwenye tope, kisha wakatandika jukwaa la mbao. Kwingine walirundika matawi, udongo na mawe hadi rundo likatokeza juu ya maji. Kwenye visiwa vya Hebrides, magharibi mwa Scotland, ambako miti ni haba, mawe ndiyo yaliyofanya kazi kubwa. Watu walifika kwa daraja jembamba, njia ya mawe au mtumbwi.

Mara nyingi husemwa kwamba walikuwa wakijikinga na maadui. Ni kweli, lakini sababu hiyo peke yake haitoshi. Kranogi ya Lagore, Ireland, ilikuwa makao ya wafalme, na mfalme aishiye katikati ya maji huonyesha pia ukubwa wake. Wala maji hayakuwa kinga kamili: mwaka 916 jeshi la Mercia, ufalme wa kale wa Uingereza, liliivamia Llangorse na kumteka mke wa mfalme wa huko pamoja na watu wengine zaidi ya 30. Katika kisiwa cha Lewis, mojawapo ya Hebrides, wapiga mbizi wamekuta vyungu, vingine karibu vizima, kandokando ya visiwa vilivyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Inaelekea viliwekwa majini kwa makusudi, labda katika karamu au ibada.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi maji yalivyotunza mambo madogo ya nyumbani. Tope la chini ya ziwa halina hewa ya kutosha, hivyo vijidudu vinavyoozesha mbao haviwezi kufanya kazi yao. Ndiyo maana Oakbank, kranogi ya miaka takriban 2,500 katika ziwa la Loch Tay, Scotland, iliwapa wachimbuaji sahani ya mbao yenye mabaki ya siagi, jembe la mti, kipande cha kitambaa kilichofumwa, majani yaliyotandazwa sakafuni, hata kinyesi cha kondoo. Kwenye nchi kavu, karibu vyote hivyo vingekuwa vimeoza zamani.

Nyumba iliyojengwa upya kwa kufuata ushahidi wa Oakbank iliungua Juni 2021. Kituo kipya cha kranogi kilifunguliwa mwaka 2024, ng'ambo ya ziwa hilohilo.