Kabla hujailaumu DSLR yako mpya: dhana potofu za wanaoanza na ukweli wake

Ukishika DSLR (ile kamera ya kubadilisha lenzi, yenye kioo ndani) kwa mara ya kwanza washauri wanakuwa wengi kuliko picha utakazopiga wiki hiyo, kila mtu ana lake na anaongea kwa kujiamini kweli kweli, ila ukiyajaribu kwenye kamera mengi hayafiki popote. Naanza na lile linalonikera kuliko yote.

"Usipotumia M we sio mpiga picha"

Hapana. Angalia wanaoanza wanavyotumia M (hali ya kupanga mwanga wote mwenyewe kwa mkono): mtu anazungusha kigurudumu mpaka kile kimshale cha mita ya mwanga kikae kwenye sifuri, alafu anapiga. Sasa hicho ndo hicho hicho kamera ingekifanya yenyewe, tofauti ni kwamba we umechelewa na tukio limeshapita. Wapiga picha wengi tu wanaolipwa wanatumia A (kwenye Nikon) au Av (kwenye Canon), unachagua apacha (upana wa tundu la lenzi) mwenyewe na kamera inakutafutia spidi ya shata (muda ambao pazia la kamera linakaa wazi), basi.

Kitu cha kujua ni lini mita inakudanganya, na hapa ndo pana utamu wenyewe. Mita haijui unapiga nini, yenyewe inakadiria kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani kina mwanga wa kijivu cha kati. Ukipiga shuka jeupe lililojaa fremu nzima inaona "mwanga umezidi huu" inapunguza, shuka linatoka la kijivu kama halijafuliwa. Ukipiga paka mweusi inaongeza mwanga na paka anatoka amepauka. Kamera sio mbovu! Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/−), kwenye vitu vyeupe nenda +1, kwenye vyeusi nenda −1. Wengi wanafanya kinyume, wanaona cheupe wanapunguza, ndo wanaharibu kabisa. Hiyo +1 maana yake mwanga mara mbili, kwaiyo ukienda +2 ni mara nne, zungusha taratibu.

M ina kazi yake: nyota usiku, studio yenye flashi, au mahali mwanga haubadiliki na hutaki kamera ibadilishe mawazo kila ukisogea.

"ISO isizidi 400, picha itajaa chengachenga"

ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga iliopokea, na chengachenga ni zile nuktanukta zinazotokea ukiipandisha. Huu ushauri umeharibu picha nyingi za ndani kuliko kitu kingine chochote nadhani. Chukua sebule ya usiku yenye taa za kawaida, lenzi iko f/5.6 (namba ya apacha, ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo), ISO 100: kamera inaweza kutaka shata ikae wazi kama nusu sekunde hivi, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia nusu sekunde. Ukipandisha kutoka 100 mpaka 3200 umezidisha kwa mbili, mara tano mfululizo, yaani jumla mara 32, na ile nusu sekunde inashuka mpaka kama 1/60 ya sekunde. Chengachenga zitakuwepo ndio, ila zinapunguzwa kwenye kompyuta na kwenye simu hata hazionekani. Picha iliyotikisika hairekebishiki. Na wale wanaosema piga giza kwa ISO ndogo alafu utaing'arisha baadae, chengachenga zinakuja vile vile, mara nyingine mbaya zaidi.

Kuhusu kutikisika, kanuni ya zamani ni kwamba spidi isiwe chini ya sekunde 1 gawanya kwa milimita za lenzi, na kwenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha, na DSLR nyingi za kuanzia zina ndogo kuliko ya ful fremu) zidisha kwanza hizo milimita kwa 1.5 (Nikon) au 1.6 (Canon). Kwaiyo lenzi ikiwa 55mm nenda 1/80 au 1/100. Kile kizuia mtikisiko cha kwenye lenzi kinasaidia mkono wako tu, mtoto anayekimbia hakimsimamishi.

"Megapikseli nyingi ndo picha kali"

Fupi tu: karatasi ya A4 iliyochapwa kwa nukta 300 kila inchi inahitaji kama megapikseli 8.7. Yako pengine ina 24 hivi. Songa mbele.

"Ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera ni takataka"

Mchana, kwenye f/8, inatoa picha safi tu na watu hawatajua ulitumia lenzi gani. Udhaifu wake uko kwenye mwanga mdogo, ukivuta mpaka 55mm inaishia f/5.6, wakati 50mm ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10. Kwaiyo kama tatizo lako ni kupiga ndani basi hiyo 50mm ina maana, ila ujue kwenye sensa ndogo inavuta kama lenzi ya 75mm au 80mm, chumba kikiwa kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Na f/1.8 ukikaa karibu na mtu inaweza kukupa jicho moja kali na sikio limepotea, watu wanafikiri fokasi imekosea kumbe ndo kawaida yake.

Hapa hapa kuna mtego wa pesa: "lenzi yoyote ya Nikon inaingia kwenye Nikon yoyote". Kuingia nyingi zinaingia, mlango wa F (pale lenzi inapofungwa kwenye kamera) upo tangu 1959, lakini kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, ukinunua lenzi ya zamani iliyoandikwa AF peke yake utafokasi kwa mkono maisha yako yote. Tafuta AF-S (mota iko ndani ya lenzi yenyewe), au AF-P ila hizo za AF-P kwanza hakikisha kamera yako inazikubali, maana kamera za zamani zinagoma. Kwenye Canon, lenzi za EF zilianza 1987 na zinafanya kazi kwenye DSLR zote za EOS, ila EF-S (zile za sensa ndogo) usipeleke kwenye kamera ya ful fremu, haiingii.

"Ukipiga RAW kila kitu kinarekebishika"

RAW ni faili ghafi la sensa kabla kamera haijalichakata. Ya biti 14 inabeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG (faili la kawaida la picha) ina 256, ndo maana rangi na vivuli unaviokoa vizuri. Fokasi iliyokosa haiokoki. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu nayo haina kitu ndani cha kurudisha.

"Nikichungulia naona ukungu, nimeuziwa mbovu"

Pembeni ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na macho yako. Zungusha mpaka zile namba za ndani zisomeke. Imeisha hiyo.

"DSLR zimekufa, usijisumbue"

Kweli makampuni yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo (mirrorless), hilo halina ubishi. Ila apacha, shata na ISO ni vile vile, na DSLR zilizotumika zinapatikana kwa bei nafuu. Tofauti utakayoisikia zaidi ni kwamba zile mpya kwa kawaida zinakuonyesha kwenye kitundu picha itakavyotoka kabla hujabonyeza, wakati DSLR inakuonyesha mwanga halisi kupitia kioo, kwaiyo yule paka aliyepauka utamwona baada ya kupiga. Ukitaka kumwona kabla washa laivu vyuu, utazame kwenye skrini ya nyuma, japo modeli nyingi zinafokasi polepole ukiwa hapo na betri inaisha haraka.