Umeshindwa na nini? Tiba ya mazungumzo kwa anayejiona hafai

Katika Kiswahili, neno "kushindwa" limebeba swali ndani yake, kwa maana anayeshindwa hushindwa na kitu. Mbebaji anayepandisha mlima wa Kadutu hushindwa na gunia lililo mgongoni mwake, mgonjwa hushindwa na homa, timu hushindwa na timu nyingine. Lakini mtu anapoingia katika chumba chetu cha mazungumzo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, akaketi, akainamisha kichwa na kusema, "Dokta, mimi nimeshindwa," mara nyingi maneno yake huishia hapo. Kilichomshinda hakitajwi, na mahali pake amejiweka yeye mwenyewe. Wiki chache baadaye hata kitenzi kinapotea na kubaki sentensi moja: "Mimi ni mtu bure." Wengi mjini mwetu wanaishi na sentensi hiyo kwa miaka bila kujua kwamba hali hiyo ina matibabu, na kwamba matibabu yenyewe huanza kwa kulirudisha lile swali lililosahaulika.

Siku matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ule tunaouita Exetat, yanapotoka, barabara za Ibanda, Kadutu na Bagira hujaa vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani, wakiimba na kubebwa mabegani. Katika nyumba ya jirani finalisti mwingine amejifungia chumbani, simu ameizima, na kila wimbo unaopita nje unamfikia kitandani. Mama yake anamwekea chakula mlangoni na kukikuta asubuhi kimeganda. Kulia siku hiyo na siku zinazofuata si ugonjwa. Ni haki ya mtu aliyekosa alichokitafuta, na wazazi wafanye vizuri kumwachia huzuni yake badala ya kumpigia mifano ya watoto wa watu. Sisi huanza kuwa na wasiwasi pale huzuni inapoacha kuuhusu mtihani na kuanza kumhusu mtu mzima, pamoja na yale aliyowahi kuyafanya na yale ambayo bado hajayafanya.

Dodoso linalotumika sana katika vituo vya afya duniani kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, lina maswali 9, na la 6 linauliza jambo hili hasa: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umejiona vibaya, au umejiona mtu aliyeshindwa, au umeona umejiangusha mwenyewe au familia yako? Swali hilo limewekwa sambamba na kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula. Kujiona hufai, basi, kunaweza kuwa dalili, kama homa ilivyo dalili, na mwenye homa hatumwambii ajikaze.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokiunganisha kutoka kwa watu kadhaa, ili asitambulike hata mmoja wao. Baba mmoja wa miaka hamsini hivi, muuza maliputa, yaani vitenge, alikuwa ameweka akiba yake benki. Mabenki ya mji yalipofungwa mwanzoni mwa 2025, fedha zilibaki ndani, barabara alizopitishia bidhaa zikawa hazipitiki, na watu aliowakopesha wakakimbia na madeni yao. Karo ya watoto ikamshinda. Aliacha kuhudhuria likelemba, kikundi cha kuchangishana fedha kwa zamu, kwa sababu hakuwa na mchango wa kutoa, kisha akaacha kupita njia kubwa, akawa anarudi nyumbani kwa vichochoro baada ya giza kuingia ili asikutane na wanaomdai. Alipoletwa na mke wake aliniambia: "Baba asiyelipia watoto masomo si baba." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma tarehe kwenye kalenda, na huo ndio ugumu wenyewe wa kazi yetu, kwa kuwa aliyefika hapo haoni kwamba ana mawazo fulani kuhusu nafsi yake. Anaona kwamba anajua ukweli.

Katika miaka ya 1960, Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Philadelphia nchini Marekani, alitambua kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mawazo ya haraka yaliyopita pembeni ya mazungumzo, mafupi na makali, ambayo wenyewe waliyaamini bila kuyachunguza. Kutokana na hapo ikajengwa tiba inayomfundisha mgonjwa kulikamata wazo kama hilo, kuliandika na kulihoji kama shahidi anavyohojiwa barazani: umeona nini, ulikuwepo, na kuna jambo gani uliloliacha?

Yule baba nilimwomba achore duara kubwa kwenye karatasi, nikamwambia tulichukue kama bugali lililopakuliwa, na kwamba tutalikata kwa kila kilichochangia watoto kurudishwa nyumbani. Alitaka kuanza na kipande chake. Nilimkatalia, kwa sababu mwenye kujilaumu akianza na nafsi yake hawaachii wengine hata tonge. Tukaanza na benki. Alitulia, akakata zaidi ya robo. Tukafuata barabara, kisha madeni ya waliokimbia, kisha kupanda kwa bei. Kipande chake kilipofikiwa kilikuwa kimebaki chembamba, nacho kilikuwa na jina: alikuwa ameweka akiba yote mahali pamoja ingawa mke wake alimshauri wagawe. Alikitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Hiki ni changu kweli."

Ninasisitiza maneno hayo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtaalamu wa saikolojia kazi yake ni kumbembeleza mtu na kumwambia hana kosa. Tukifanya hivyo, hatuaminiki, na mgonjwa anarudi nyumbani mpweke kuliko alivyokuja. Kosa lake likiwepo tunalitaja, tunalipima kwa ukubwa wake, na tunauliza ni sehemu gani inaweza kurekebishwa. Kipande chembamba mtu anaweza kukishughulikia. Anapodai kwamba duara zima ni lake, hawezi hata kunyanyuka kitandani.

Nusu ya pili ya tiba hufanyika nje ya chumba, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mtu anayejiona hafai hujificha. Akijificha haoni watu wala hafanyi kazi. Asipofanya kazi anapata ushahidi mpya kwamba hafai. Mzunguko huo haukatiki kwa mawaidha. Unakatwa kwa kitendo kidogo kilichopangwa siku na saa, hata kama moyo hautaki, kwa sababu hamu mara nyingi hufuata kitendo. Tulikubaliana kwamba Jumamosi saa nne atakwenda kwenye likelemba bila mchango, asalimie, akae robo saa, kisha aondoke. Kabla ya kwenda aliandika alichotarajia: watanicheka. Aliporudi aliandika kilichotokea: watatu kati yao nao hawakuwa wametoa mchango kwa miezi kadhaa, na mzee wa kikundi alimsogezea kiti.

Wasomaji wengine watauliza kama mambo haya si ya Wazungu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, wanavijiji walipoulizwa na watafiti walieleza kwa lugha yao ugonjwa waliouita yo'kwekyawa, yaani mtu kujichukia, kabla hajatokea daktari wa kuwafundisha jina lolote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba wiki 16 za tiba katika vikundi, zikiongozwa na wenyeji waliofunzwa, zilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Huku kwetu, katika vijiji vya Kivu, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walipata tiba ya vikundi iliyolenga hasa mawazo ya kujilaumu, nayo ilitolewa na wasaidizi wa kisaikolojia ambao si madaktari. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013. Miezi 6 baada ya tiba, asilimia 9 ya wanawake wa vikundi hivyo walikuwa bado na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi, ilhali kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja ni asilimia 42. Makundi hayo mawili hayakuanza katika hali sawa kabisa, lakini tofauti ilibaki kubwa hata watafiti walipolizingatia hilo.

Kuhusu mahali pa kwenda, Bukavu tuna kituo cha SOSAME, na huduma za kisaikolojia zipo pia katika Hospitali ya Panzi. Wengi wakisikia jina la kituo cha afya ya akili huwaza wendawazimu na minyororo, wakaona aibu kuonekana getini. Asiyeweza kuvuka getini na aanze katika kituo cha afya cha mtaani kwake, amwambie muuguzi maneno haya tu: "Ninajiona sifai, na hali hii haijaniachia kwa zaidi ya wiki mbili." Anayesali na aendelee kusali, hatumwombi mtu achague kati ya kanisa au msikiti na sisi. Lakini kama mtu amefika mahali pa kusema kwamba familia ingepumzika kama asingekuwepo, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga, asisubiri wiki mbili na asiachwe peke yake. Mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo, na mmuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyelitaja.

Kikao cha kwanza huchukua takribani saa moja. Hakuna sindano, na hakuna anayelazimishwa kusimulia kila kitu. Njoo na mtu unayemwamini kama njia ni ndefu, na kama umewahi kuandika popote yale unayojiambia usiku, beba karatasi hiyo, maana ndiyo tutakayoanza nayo.