Kilichotupwa Bado Kina Mwenyewe

Mawakili wa kesi za jinai hapa Mombasa huijua kauli hii kabla mteja hajaitamka: "Wakili, kile kitu kilikuwa kimetupwa, na kilichotupwa hakina mwenyewe." Mama wa mshtakiwa akiniambia hivyo ukumbini mwa mahakama namwelewa, kwa kuwa anamtetea mwanawe. Ninaoshindwa kuwavumilia ni watu waliosoma, wakiwemo baadhi ya wanasheria wenzangu, wanaoirudia kauli hiyo kana kwamba ni kifungu cha sheria. Si kifungu, na haijawahi kuwa kifungu.

Sheria yenyewe ni fupi. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba mtu anayechukua kwa ulaghai, na bila dai la haki (yaani bila kuamini kwa dhati kwamba ana haki nacho), kitu kinachoweza kuibwa, ameiba. Na kifungu cha 267 kinatosheka na kitu kisicho na uhai, kinachohamishika, kilicho mali ya mtu. Hapo sitakaa. Ila kumbuka kwamba anayelindwa si mmiliki wa kawaida peke yake, bali pia mmiliki mahsusi, yaani mtu ambaye haki yake inatokana tu na kuwa anakishikilia kitu hicho.

Kosa linaloniudhi ni la kudhani kwamba mtu akitia kitu pipani amekwisha kusema hajali kitamfikia nani. Mara nyingi anajali sana. Mwenye nyumba anayeweka taka nje anamkabidhi mzoaji, na hajamwalika kila mpita njia apekue bili zake na karatasi zake za hospitali. Mwaka 1957, katika kesi ya Williams v Phillips, mahakama ya Uingereza ilikataa utetezi wa wazoa taka wa manispaa waliojichukulia vitu walivyovikuta mapipani: taka zilikuwa za mwenye nyumba hadi zilipozolewa, na zilipozolewa zikawa za halmashauri, kwa hiyo hapakuwa na dakika hata moja ambapo hazikuwa na mwenyewe. Mwaka 2010 katika kesi ya Ricketts, iliyohusu mifuko iliyoachwa mbele ya duka la shirika la hisani, mahakama ilifuata mkondo huo huo. Walioileta mifuko ile walitaka iwafae watu kupitia shirika hilo. Hawakuiacha ili achukue yeyote mwenye gari. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, lakini husikilizwa, na sijaona sababu ya kuzikataa hizi mbili.

Chukua mfano wa huku kwetu. Hoteli ya ufuoni inabadilisha viyoyozi, na zile mashine kuukuu zinarundikwa nyuma ya jikoni, hatua chache kutoka mapipa ya taka, zinapigwa na mvua ya masika na chumvi ya bahari hadi zinapauka. Kijana anapita, anaziona, anang'oa mabomba ya shaba yaliyomo ndani. Kwa macho yake zimetupwa. Kwa macho ya mhasibu wa hoteli zinangoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu ambaye bei amekwisha kupatana naye. Kutu si hati ya kuhamisha umiliki, wala miezi ya kunyeshewa haihesabiwi kuwa zawadi.

Hata pale ambapo mwenye kitu amekata tamaa kabisa, msifurahi mapema. Katika Hibbert v McKiernan, ya mwaka 1948, mtu aliingia kwenye uwanja wa gofu bila ruhusa akaokota mipira 8 ambayo wachezaji walikuwa wameipoteza na kuacha kuitafuta. Alitiwa hatiani, kwa sababu klabu yenye uwanja ilikuwa na haki ya kutosha juu ya mipira hiyo kumshinda mvamizi. Kitu kilichoachwa katika ua wa mtu hakijaachwa barabarani.

Nisieleweke, hata hivyo, kwamba kila anayeokota ni mwizi. Watu wanaochambua taka katika majaa ya Mwakirunge, Mombasa, au Dandora, Nairobi, hufanya kazi hiyo mchana kweupe, kila mtu akiwaona, na mwendesha mashtaka atakayewaita walaghai kwa sababu ya chupa za plastiki atakuwa na kazi ngumu. Swali ni mshtakiwa aliamini nini, na hapa ndipo vitabu vinapopita kwa haraka mahali ambapo mimi husimama.

Kifungu cha 8 kinamwondolea hatia mtu aliyetenda kwa dai la haki la kweli, bila nia ya kulaghai. Ukweli wa nafsi yake unatosha hata kama hoja yake ni ya kipuuzi. Kifungu cha 10, kinachohusu kukosea katika jambo la hakika, kinadai imani iwe ya kweli na pia yenye msingi wa busara. Je, anayesema "niliamini kimeachwa" anaingilia mlango upi? Masharti kuhusu aliyeokota kitu kilichopotea, yaliyomo katika kifungu hicho hicho cha 268, yanataka sababu za busara, na hilo linavuta upande wa pili. Uingereza, katika R v Small ya mwaka 1987, iliyohusu gari lililodhaniwa kuwa limetelekezwa, ilitosheka na imani ya kweli, lakini chini ya sheria yao ya wizi ya mwaka 1968, ambayo sisi hatuna. Rai yangu ni kwamba neno "ulaghai" linamtwika mwendesha mashtaka mzigo wa kuivunja imani hiyo, iwe ya busara au isiwe. Sidai kwamba kila hakimu atakubaliana nami, na ndiyo maana huwa nabisha milango yote miwili.

Katika ushahidi, imani hupimwa kwa mambo madogo. Alikwenda saa nane mchana au saa nane za usiku? Alitokea langoni au alipanda ukuta? Kitu ambacho ni lazima ukifungue kwa spana ni vigumu kuniaminisha kwamba kilikuwa kimetupwa. Kwa upande mwingine, mlinzi akiulizwa kizimbani kama wapita njia huchukua vitu pale, akajibu, "Huwa wanachukua tu," kesi ya mlalamishi huanza kuyumba. Ruhusa ya mlinzi haihamishi umiliki, kwa kuwa hawezi kutoa kisicho chake, lakini aliyeomba ruhusa, hata kwa mtu asiye na mamlaka, ni vigumu kumwita mlaghai.

Mfanyakazi ana hali mbaya zaidi. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, ni hadi miaka 3. Akiiba mali ya mwajiri wake, kifungu cha 281 kinafika miaka 7. Kama ofisi ni ya umma, ile kompyuta mbovu iliyoko stoo inaondolewa kwa utaratibu wa sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma, si kwa mkono wa mfagiaji, hata kama mkubwa wake alimwambia kwa mdomo aichukue.

Anayesahaulika kabisa ni mnunuzi. Kifungu cha 322 kinampa anayepokea mali ya wizi hadi miaka 14, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, na maneno hayo ya mwisho yanamnyima kinga ninayoweza kumtafutia mwokotaji, kwa kuwa kwake yeye moyo safi pekee hautoshi. Tangu mwaka 2015 biashara ya vyuma vikuukuu ina sheria yake na leseni zake, na mnamo Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Mwenye mizani asiyeandika jina la aliyemuuzia, tarehe na uzito, hunifikia ofisini akiwa hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliuliza chochote.