Mkataba wa meli za barua: serikali ilinunua nini hasa

Kila mazungumzo yanapofika kwenye Zanzibar ya Sultani Barghash au Dar es Salaam ya Wajerumani, hatakosekana mtu wa kusema kwamba meli za kampuni ya British India zilikuwa "meli za serikali ya Uingereza", au kwamba kampuni ya meli ya Kijerumani, Deutsche Ost-Afrika Linie, iliishi kwa "msaada wa Kaiser", yaani mfalme wa Ujerumani. Nimeyasikia hata kwa watu wanaoijua historia ya pwani vizuri. Kauli zote mbili zinateleza mahali pamoja.

Mkataba wa meli za barua ni mapatano ambayo kwayo serikali huilipa kampuni binafsi kiasi maalumu kila mwaka, kwa muda wa miaka kadhaa, ili ichukue mifuko ya posta kati ya bandari zilizotajwa, siku zilizotajwa, kwa mwendo uliotajwa. Meli ni ya kampuni. Nahodha na mabaharia ni wa kampuni. Nauli za abiria na shehena ni biashara yake, na hasara ikitokea ni yake pia.

Tatizo linaanza kwenye neno ruzuku. Sisi tukisikia ruzuku tunafikiria mbolea ya bei nafuu au shirika la umma linalookolewa lisifilisike, fedha inayotolewa kwa sababu mpokeaji amelemewa. Malipo ya barua yaliandikwa kwa namna nyingine kabisa. Serikali ilikuwa ikinunua tarehe. Ilitaka kujua kwamba meli itang'oa nanga siku iliyopangwa hata kama ghala lake ni nusu tupu, hata kama karafuu hazijafika bandarini, hata kama mfanyabiashara mkubwa anaomba isubiri hadi kesho. Mwenye meli ya kawaida hawezi kuahidi hivyo, kwa kuwa faida yake imo katika kusubiri shehena. Anayefungwa na mkataba wa posta ameuza uhuru huo wa kusubiri, na anastahili bei yake. Akichelewa, anakatwa faini.

Anayeijua pwani yetu hahitaji kuelezwa sana thamani ya tarehe. Majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na barua iliyokosa msimu ilikaa. Nahodha wa jahazi hakuwa mzembe, upepo ndio uliokuwa na ratiba. Mvuke uliweza kwenda kinyume cha upepo, lakini mvuke ulikula makaa ya mawe. Britannia, meli ya kwanza ya Samuel Cunard katika huduma yake ya barua, iliyotoka Liverpool mwaka 1840 kwenda Halifax na Boston, ilipakia makaa takribani tani 640, na nafasi iliyobaki kwa shehena haikufikia nusu ya hizo. Chombo kinachobeba makaa yake mwenyewe kuliko mali ya wateja hakiwezi kwenda mbali kwa nauli peke yake. Cunard aliingia mkataba mwaka 1839 kwa paundi 55,000 kwa mwaka, ukapandishwa muda si mrefu hadi paundi 60,000. Njia ya visiwa vya Karibi, iliyopewa Royal Mail Steam Packet Company, ilikuwa ghali zaidi: paundi 240,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo kampuni ilijenga meli, ikaweka akiba za makaa njiani, ikaajiri watu wa kuzilinda. Kumbuka kwamba Waingereza waliiteka Aden Januari 1839, na kituo cha makaa kilikuwa miongoni mwa sababu.

Mtu atasema: mbona malipo hayo yalizidi sana thamani ya stempu? Ni kweli, katika njia nyingi yalizidi, na hapo wanaosema ruzuku wana haki yao nusu. Serikali haikuwa ikilipia barua tu. Kuanzia 1837 hadi 1860 mikataba ya Uingereza ilisimamiwa na wakuu wa jeshi la majini badala ya Posta, na hilo linaeleza mengi. Walitaka meli za haraka ambazo vita ikizuka zingeweza kuchukuliwa kubeba askari, kama meli za Cunard zilivyochukuliwa wakati wa vita vya Crimea. Walitaka maofisa na amri zao zifike kwenye makoloni kwa wakati. Hivyo bei ilijumuisha barua, dola na vita. Lakini kila kimoja kati ya hivyo ni kitu kilichonunuliwa, na mnunuzi alijua anachotaka.

Sasa tuje kwetu. British India Steam Navigation Company ilikuwa ya William Mackinnon na washirika wake, ikiwa imeanza Calcutta mwaka 1856 kwa jina jingine. Mwaka 1872 ilipata mkataba wa kupeleka barua mara moja kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Miaka hiyohiyo Uingereza ilikuwa ikimbana Barghash afunge soko la watumwa, jambo lililotiwa saini Juni 1873, na balozi wao John Kirk alihitaji njia ya uhakika ya kuwasiliana na wakubwa wake. Mkataba mwingine, wa kuiunganisha Zanzibar na Rasi ya Tumaini Jema kwa meli za kampuni ya Union, ulizua mzozo mkubwa katika bunge la London. Pamoja na kashfa ya fedha za simu za maandishi, ulichangia Waziri wa Fedha, Robert Lowe, kuhamishwa wizara mwezi Agosti 1873. Fikiria hilo kidogo: waziri wa dola kubwa kuliko zote anatikiswa na mkataba wa barua za Zanzibar. Wabunge walikuwa wakibishana juu ya bei ya huduma iliyonunuliwa. Meli zingekuwa za serikali, wangekuwa wakibishana juu ya mishahara ya mabaharia.

Anayetafuta meli za serikali kwa maana halisi amwangalie Barghash mwenyewe. Alinunua meli za moshi kwa fedha zake, akaziendesha kwa bendera yake, zikafanya biashara hadi Bombay. Hizo ndizo za dola.

Wajerumani walifuata baadaye. Sheria ya Februari 1890 iliruhusu marki 900,000 kwa mwaka kwa njia ya Afrika Mashariki, na Aprili mwaka huo Deutsche Ost-Afrika Linie ikaundwa Hamburg, Adolph Woermann akiwa miongoni mwa vigogo wake. Fedha ilipitishwa na bunge, kwa hiyo Kaiser hakufungua mfuko wake. Kinachowachanganya watu ni kwamba meli hizo ziliitwa meli za posta za dola na zilipeperusha bendera ya posta. Bendera hiyo ilitangaza mzigo, yaani mifuko iliyomo ndani. Hata neno letu meli lilianza kwa chombo cha posta kabla halijaenea kwa vyombo vingine vya moshi.

Mwishoni mwa Desemba 1899, wakati wa vita vya Makaburu, Waingereza waliikamata mojawapo, Bundesrath, wakaipeleka Durban wakiishuku kubeba silaha. Ingekuwa manowari ya dola, kuipekua kungekuwa karibu sawa na kutangaza vita. Ilikuwa meli ya wafanyabiashara wa Hamburg yenye barua za serikali ndani, kwa hiyo ugomvi ulikuwa mkali lakini ulibaki wa barua za kibalozi, na Januari 1900 iliachiwa bila silaha yoyote kupatikana.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesimulia habari za meli hizi, simulizi lako ni zuri na usiliache. Badilisha maneno mawili tu: badala ya "meli ya serikali" sema "meli ya kampuni yenye mkataba wa posta", na ukifika kwenye fedha, taja ililipwa ifike wapi na lini.