Mtoto anayechapwa hujifunza kuficha

Mtoto wa miaka tisa ametumwa unga dukani, jioni, pale Manyatta, Kisumu. Njiani noti ya mia mbili inamponyoka. Anajua akirudi mikono mitupu atakutana na mshipi, kwa hiyo harudi. Atazurura Kondele mpaka giza liingie, na mtu wa kwanza kumuuliza shida yake huenda akawa yule ambaye mamake asingetaka kabisa amsogelee mwanawe. Sisi tunaofanya kazi ya ulinzi wa watoto tunavijua visa vya namna hii, Kisumu na Nakuru pia. Ukiwauliza watoto wanaolala kwenye vibaraza vya maduka ni kwa nini walitoka nyumbani, kupigwa hakukosi kutajwa.

Kwa sababu hiyo nasema waziwazi: mzazi asimchape mtoto. Sisemi aachwe afanye atakalo. Mtoto akanywe, akatazwe, na akikosea apate adhabu. Ninachokataa ni kumuumiza mwili.

Wazazi wengi hunijibu kwa methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nami naikubali. Mtoto akinyimwa runinga kwa kuwa hakufanya kazi ya shule atalia, na aachwe alie. Methali haikutaja kiboko. Wengine husema, "Sisi tulichapwa, na tukanyooka." Lakini wazazi hao hao walituuliza tumetoka wapi, walihangaikia karo, walikesha nasi tulipougua malaria. Si haki kukipa kiboko sifa ya kazi waliyoifanya kwa jasho lao.

Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizohusisha watoto zaidi ya 160,000. Hawakuangalia vipigo vya kujeruhi. Waliangalia kofi la kawaida la matakoni. Hawakuona kwamba linajenga tabia njema. Waliona linaandamana na ugomvi, matatizo ya akili na uhusiano mbaya kati ya mtoto na mzazi. Mtu anaweza kuuliza kama si watoto watundu ndio wanaochapwa zaidi tangu mwanzo. Swali hilo ni la maana. Ila hata watafiti wanaowafuatilia watoto kwa miaka, wakizingatia utundu waliokuwa nao awali, wanaona kuwa wanaochapwa huzidi kuwa wagomvi kadiri wanavyokua.

Kwangu mimi, hatari kubwa kuliko zote ni siri. Mtu mzima anayemchezea mtoto vibaya humwambia, "Ukisema, mamako atakuua kwa kichapo." Mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kuvunja kikombe hana sababu ya kutoamini maneno hayo. Ananyamaza. Anaanza kukojoa kitandani, anagoma kwenda kwa jirani fulani, alama zake shuleni zinashuka, na huenda akachapwa tena kwa hayo yote huku anayemdhuru akiendelea kuja nyumbani kunywa chai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Kenya ulionyesha kuwa karibu nusu ya wanawake wa miaka 18 hadi 24, na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri huo, walipitia angalau aina moja ya ukatili kabla ya kutimiza miaka 18. Katika hali hiyo, kila mtoto anahitaji mtu mmoja nyumbani anayeweza kumwambia lolote bila kuogopa.

Kuna pia madhara ambayo hakuna mzazi anayeyapanga. Kofi la sikioni linaweza kupasua ngoma ya sikio. Mtoto mchanga anayelia usiku kucha, akitikiswa kwa hasira, mishipa ya damu kichwani inaweza kupasuka, akapofuka au akafa, na nje usione hata mkwaruzo. Vidole vilivyochomwa kwa kaa la moto kwa sababu ya sukari iliyoibwa vinaweza kupona vikiwa vimekunjamana, visishike kalamu vizuri tena.

Tufanye nini basi? Aliye chini ya miaka miwili ondoe kitu mbele yake au umwondoe yeye, kwa kuwa hajui bado kuunganisha kosa na adhabu. Mkubwa kidogo mpe masharti machache, usiyabadilishe kila siku, na adhabu ifuate kosa papo hapo: aliyemwaga maji apanguse, aliyeharibu daftari la ndugu yake asaidie kulitengeneza. Kijana wa sekondari anyimwe simu au mechi ya Jumamosi, kwa muda mliotaja, na muda ukiisha yaishe. Aliyepoteza pesa ya unga rudi naye njia ile ile mkaitafute pamoja. Usimnyime chakula, usimfungie nje, wala usimwambie ni mjinga kama babake. Hayo nayo ni vipigo. Ukihisi mkono unawasha, toka nje, mwachie shangazi au jirani unayemwamini, urudi damu ikiwa imetulia. Najua uchovu wa kutoka sokoni Kibuye na mzigo ambao haukuuzwa, ukakuta vyombo havijaoshwa. Mara nyingi mtoto huchapwa kwa uchovu huo kuliko kwa vyombo.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mzazi nafasi ya kutoa adhabu ya kiasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikaifuta ile ya 2001. Mwenye shida ya malezi, au aliyeona mtoto akiteswa, apige 116 bila malipo, mchana au usiku, au aende kwa afisa wa watoto au dawati la jinsia katika kituo cha polisi.

Bado kuna mzazi anayempeleka mtoto shuleni na kumwambia mwalimu, "Huyu mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo si yake kuitoa. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mwalimu atakayemtesa mwanafunzi, kimwili au kiakili, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili.