Umeandikwa mwajiriwa au mtoa huduma?

Kwa kuwa nimefanya kazi ya kuajiri watu kwa miaka mingi, wengi huniletea mikataba yao niipitie kabla hawajatia saini. Karibu wote huuliza kwanza kama mshahara unatosha. Mimi huanzia juu kabisa, pale pande mbili zinapotajwa, nione wamemwita mwajiriwa au mtoa huduma.

Zamani kazi ya ofisini ya kila siku ilikuwa ya mwajiriwa. Siku hizi tangazo ni lile lile, majukumu ni yale yale, ila mkataba unaokuja ni wa huduma. Mwajiriwa ana likizo yenye malipo, notisi, na mwajiri anayemchangia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtoa huduma anapeleka ankara mwisho wa mwezi, na kodi, bima na siku za kuugua ni juu yake mwenyewe.

Majuzi kijana mmoja alinitumia mkataba wake wa kwanza. Ukurasa wa kwanza aliitwa mtoa huduma. Ukurasa wa tatu alitakiwa kuripoti saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, aombe ruhusa kwa msimamizi, atumie kompyuta ya kampuni, na asifanye kazi ya mtu mwingine yeyote. Huyo ni mwajiriwa, na kumnyima jina hilo ni kumnyima haki zake. Nakasirika kila ninapokutana na mkataba wa namna hii.

Shirika la Kazi Duniani lililiona hili mapema. Pendekezo lake Na. 198 la mwaka 2006 linataka ajira itambuliwe kwanza kwa jinsi kazi inavyofanyika na kulipwa, hata kama karatasi inasema vingine. Pendekezo si sheria, kwa hiyo angalia sheria ya nchi unakofanyia kazi. Na ukishaanza, tunza ratiba za zamu na barua pepe za maagizo. Ndizo ushahidi wako siku ya mgogoro.

Mkataba wa huduma si lazima uukatae, mradi malipo yafidie unachokosa. Ukipewa ajira ya muda maalumu, soma kifungu cha kuhuisha. Kipindi cha majaribio kiwe na tarehe ya mwisho. Na ukitajiwa mshahara, uliza kama ni kabla ya makato au baada. Wengi hupangia bajeti fedha ambazo hazitafika mkononi.

Yule kijana nilimshauri aiandikie kampuni swali moja tu: nikiugua siku tatu, nalipwa? Walimjibu kwa maandishi kwamba halipwi. Sasa anadai kiwango cha juu zaidi, na jibu lao amelitaja kwenye barua yake kama sababu.